Madafu manne na mpira mmoja

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake mkononi: "Hiyo UTI tu," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Naamka usiku mara nne, mkojo unasitasita, ukitoka ni uzi mwembamba unaonidondokea viatuni: UTI. Dukani nimeuziwa sipro, dawa ya kuua bakteria, mara tatu, hakuna aliyeuliza nina miaka mingapi. Ninayo 63.

Kisha nikashikwa na mafua, nikameza vidonge vya kufungua pua, nikalala. Asubuhi nimesimama chooni hadi miguu inaniuma, hakitoki kitu. Jirani akasema, "Shekhe, piga dafu, litasukuma." Nikapiga moja. La pili. Kwa ubishi wangu nikafikisha manne! Nikafungulia bomba nisikie maji yakichuruzika, nikakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikapiga hata mluzi. Wapi. Chini ya kitovu pakavimba, pagumu kama nazi. Mke wangu akaniuliza nina miezi mingapi.

Hospitali, kijana mmoja akaniangalia: "Baba, njia imefungwa, na wewe unazidi kumimina?" Akapitisha mpira wa kutolea mkojo, kupitia njia ya mkojo hadi kibofuni, ukaishia kwenye mfuko. Nilikuwa nauogopa kuliko kifo, kumbe ni dakika mbili za kung'ata meno. Mfuko ukajaa lita na robo, na mtu mzima kwenye nusu lita tu huwa anatafuta choo mbio. Nilimwombea dua yule kijana palepale.

Ultrasaundi ikaonyesha tezi dume imetanuka. Vidonge vya mafua ndivyo vilivyoibana njia kabisa. Na UTI nayo ilikuwepo, maana mkojo usioisha kibofuni huota wadudu. Mkojo ulipooteshwa maabara kujua dawa ipi inawaua, siku ya tatu majibu yakaja: sipro haiwagusi. Nikabadilishiwa dawa. Yote kwa pamoja laki na ushee.

Nikarudi nyumbani na mpira na mfuko wake. Mfuko lazima ukae chini ya kibofu, usipandishe, mkojo utarudi ulikotoka. Mimi niliutia kwenye kikapu cha ukili, nikakining'iniza mkononi, nikaenda nacho barazani kama natoka sokoni. "Umebeba nini?" Juisi ya ukwaju. Mmoja akataka kuonja.

Nikapewa na tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo: meza usiku, na ukiamka kaa kwanza kitandani. Mimi niliinuka kwa kasi, kizunguzungu kikanishika, nikaukumbatia mlango.

Mpira ulitolewa siku ya kumi, nikakojoa mwenyewe. Jirani bado anashikilia kwamba madafu yalikuwa machache.