Mwanasesere wa PlayStation 3: tangazo lililoogopesha wateja

Mwishoni mwa mwaka 2006, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walionyeshwa chumba cheupe kitupu. Upande mmoja ameketi mwanasesere mwenye umbo la mtoto mchanga, na mbele yake imesimama PlayStation 3 nyeusi, mashine mpya ya gemu ya Sony. Mwanasesere anafumbua macho, taswira zinapita mbiombio kwenye mboni zake, anacheka, kicheko kinageuka kilio, machozi yanapanda juu na kurudi machoni. Anaita "mama" huku mashine ikielea hewani. Kisha kaulimbiu: Play B3yond. Nusu dakika imekwisha bila gemu hata moja, bila pedi ya kuchezea na bila binadamu.

Tangazo lilitoka kwa wakala wa matangazo TBWA\Chiat\Day wa Los Angeles, mwongozaji akiwa Rupert Sanders, na kwa ufundi halina mchezo. Weusi wa mashine dhidi ya kuta nyeupe unalivuta jicho pale linapotakiwa kwenda. Mwanasesere anasogea kidogo tu, na uchache huo ndio unaosisimua mwili. Mhandisi wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza tangu mwaka 1970 kwa nini kitu kinachokaribia sana sura ya mtu bila kuifikia hutia kinyaa na woga. Watengenezaji waliulenga woga huo wakaupata.

Tatizo ni kwamba woga huo umebandikwa kwenye bidhaa yenyewe. Ndani ya hadithi, kitu kinachomfanya mtoto acheke kisha alie ni PlayStation 3. Mtazamaji anaondoka akijua kwamba mashine ina nguvu, lakini nguvu hiyo anaiona ikimtawala mtu, naye hapewi nafasi ya kuitawala. Anayenunua mashine ya gemu ananunua kinyume cha hapo: kubonyeza kitufe na kuona dunia ikimtii. Ndiyo maana kukosekana kwa pedi naliona kosa kubwa kuliko kukosekana kwa gemu. Pedi ya Sixaxis ilikuwa inahisi inapoinamishwa, jambo jipya kabisa kwa PlayStation, na wiki hizo za kwanza zilihitaji mkono wa mtu uonekane ukifanya hivyo.

Kuna kosa jingine la utekelezaji ambalo wakosoaji hulipita haraka. Dalili ya pekee ya kilichomo ndani ya mashine ni zile taswira zinazopita kwenye mboni. Mwaka 2006 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado na televisheni za kawaida zenye mistari 480 hivi ya picha. Kwenye kioo cha namna hiyo, mboni ya mwanasesere ni doa dogo, na kilichomo ndani yake hakisomeki. Kwa hiyo ujumbe uliwekwa mahali ambapo chombo cha kuusafirisha hakikuweza kuufikisha. Mtayarishaji yeyote wa matangazo anapaswa kutazama kazi yake kwenye televisheni ndogo na mbovu kabla ya kuitoa.

Halafu bei. PlayStation 3 iliingia Marekani tarehe 17 Novemba 2006 kwa dola 499 yenye diski ya GB 20 na dola 599 yenye GB 60. Mshindani wake, Xbox 360 ya Microsoft, ilikuwa imeshakaa sokoni mwaka mzima, toleo lake kamili likiuzwa dola 399. Siku 2 baada ya PlayStation 3, Wii ya Nintendo ikafika kwa dola 249.99, gemu la Wii Sports likiwa ndani ya boksi. Matangazo ya Wii yalikuwa rahisi mno: Wajapani wawili wenye suti wanabisha hodi, wanainama kwa heshima na kutoa rimoti, wakisema Wii ingependa kucheza. Kinachofuata ni familia sebuleni zikirusha mikono. Mtu ambaye hajawahi kugusa gemu alielewa papo hapo anachouziwa.

Sony ilikuwa na hoja nzito kuliko hiyo ikaikalia kimya. Mwaka huohuo, kicheza Blu-ray (diski za filamu za picha ang'avu) cha Samsung kiliingia sokoni Marekani kwa karibu dola 1,000, nacho kilicheza filamu tu. PlayStation 3 ya dola 599 ilicheza filamu hizohizo, ikacheza gemu zake, na mashine za mwanzo zilicheza hata diski za PlayStation 2 ambazo wateja tayari walikuwa nazo kabatini. Hiyo ni hesabu ya sekunde 10. Wala hapakuwa na haja ya kumtaja Samsung, mshirika wa Sony katika kundi la kampuni zilizoiendeleza Blu-ray. "Kicheza Blu-ray peke yake" ingetosha.

Watetezi husema PlayStation imejengwa kwa matangazo ya ajabu. Ni kweli, na mfano bora ni lile la mwaka 2003 la PlayStation 2, lililoongozwa na Frank Budgen na kupigwa Rio de Janeiro, ambamo umati unapandiana hadi kuwa mlima na kila mmoja anagombea kileleni. Halionyeshi mashine, na bado lilishinda tuzo kuu ya kundi la filamu katika tamasha la matangazo la Cannes mwaka 2004, kwa haki. Lakini ule mlima ni mchezo: watu wanashindana, wanaangushwa, wanafurahi. Zaidi ya hapo, PlayStation 2 ilikuwa imeshajulikana na bei yake imeshashuka. Haikudaiwa maelezo.

Ningeombwa kulihariri la mwanasesere, chumba cheupe ningekiacha. Tangazo ndugu yake la kampeni hiyohiyo, la mchemraba wa Rubik unaolipuka na kutapakaza rangi ukutani, tayari lina furaha ndani yake. Ningeanza na huo, nikaweka mikono ya mtu iliyoshika Sixaxis: ikiinama kushoto, mchemraba unafuata kushoto. Sekunde 18 kwa hilo, 10 kwa ile hesabu ya Blu-ray, 2 za nembo.

Mwaka 2009 Sony wenyewe walifika huko. PlayStation 3 nyembamba ilitoka kwa dola 299, na kampeni mpya ya wakala Deutsch LA ikamleta Kevin Butler, mhusika wa kubuni anayeigizwa kama mkurugenzi wa Sony, aliyejibu maswali ya wateja kwa maneno ya wazi: bei, filamu, gemu. Kwa miaka 3 iliyotangulia, maswali hayohayo wateja walikuwa wakijibiwa na washindani.