Kidonda cha shingo huanzia kwenye kisu

Huku Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani, Waamishi, jamii ya Wakristo wanaoshikilia maisha ya kizamani, bado wanakata majani ya mifugo kwa mashine za kukokotwa na wanyama, na shambani wengi wao hutumia nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Mwaka 1920 mashamba ya Marekani yalikuwa na farasi na nyumbu wapatao milioni 25, na matrekta yalikuja kuwazidi kwa idadi mwaka 1954. Mashine ya kukatia majani ya McCormick-Deering namba 9, iliyoingia sokoni mwaka 1939, inatafutwa hadi leo kwa sababu giya zake zimefunikwa na zinazunguka ndani ya oili.

Mashine hiyo haina injini. Magurudumu ya chuma yakizunguka, giya huendesha mkono wa mbao uitwao pitmani, nao husukuma na kuvuta kisu ndani ya upau, yaani fimbo ndefu ya chuma inayotokeza upande wa kulia wa mashine. Upau wa futi 5 una meno 20, jino kila inchi 3, na kisu chake ni vipande vya pembetatu vilivyopigwa ribiti. Kisu kikifika mwisho wa mwendo wake, kila pembetatu ikae katikati ya jino. La sivyo majani yanatafunwa, hayakatwi.

Kosa kubwa ni upau uliolegea kwenye bawaba. Mashine ikiwa imesimama, ncha ya nje inapaswa kutangulia mbele kwa robo inchi kwa kila futi, yaani inchi moja na robo kwa upau wa futi 5. Majani huirudisha nyuma wakati wa kukata, na hapo kisu na pitmani hunyooka mstari mmoja. Kabla ya kupima, vuta ncha nyuma kwa mkono ili ulegevu wote uishe. Upau uliobaki nyuma hula kichwa cha kisu, huvunja pitmani, na mzigo unazidi kuelemea upande wa kulia. Kisu butu nacho huongeza mzigo huohuo. Mti wa katikati, ule unaopita kati ya wanyama wawili, unaanza kuwasukuma kwa ubavu, kola (pete nene ya shingoni ambayo mnyama huisukuma kwa mabega) inasugua, na ngozi inachubuka. Mwenye shamba anailaumu kola, kumbe tatizo liko kwenye kisu.

Kola nayo ina vipimo vyake. Mnyama akiinua kichwa kama anavyofanya kazini, kiganja kilicholala bapa kipite kati ya kola na koo. Mnyororo wa kuvutia ushike theluthi moja kutoka chini ya kola. Ukishuka zaidi unabana kiungo cha bega kila anapopiga hatua. Msimu ukisonga mnyama hukonda na kola hupwaya, kwa hiyo ipimwe tena na pedi iongezwe. Jasho lililokauka hukwaruza kama msasa: futa kola kila jioni, na bega lioshwe kwa maji ya chumvi.

Ndugu zangu wa Dodoma na Singida mnaowafunga punda nira ya maksai, naomba muiache. Maksai ana nundu ya kushikilia nira. Punda hana, nguvu yake iko kifuani na begani. Kola ikikosekana, tumia mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, wenye pamba ndani, ukae juu ya kiungo cha bega na chini ya koromeo.