Tope la Septemba

Mwanzoni mwa Septemba 2016 mama alipewa tarehe ya kutolewa mtoto wa jicho Dar es Salaam, wiki tatu mbele. Mama hakuwa anaweza basi. Magoti yake hayakumruhusu kukaa mwendo wote wa Iringa hadi Dar, kilomita kama 500, bila kusimama kila baada ya muda akayanyoosha. Tulikuwa na usafiri mmoja tu: Toyota Noah aliyotuachia marehemu baba, toleo la 1999, ile ya zamani yenye injini chini ya viti vya mbele. Ilikuwa imetembea kilomita 286,000. Na tangu Julai ilikuwa inakunywa maji.

Nasema inakunywa kwa sababu sikuwa naona inavuja. Kila usiku nilitandika boksi chini ya injini, na kila asubuhi nililikuta kavu. Nilikuwa nafundisha sekondari, nyumbani hadi shuleni ni kilomita nne, na wiki nzima ya kwenda na kurudi haikupunguza kitu. Lakini Jumamosi nikienda Mafinga kufuata maharage, nikirudi na kuiacha ipoe, rejeta ilitaka lita moja na nusu. Nilikuwa naandika yote hayo nyuma ya daftari langu la maandalio ya somo: tarehe, safari, kiasi cha maji. Baba alikuwa na desturi hiyo ya kuandika, na nadhani niliifuata kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya gari.

Fundi wa kwanza, ambaye gereji yake ilikuwa karibu na shule, alikuwa ameshaitoa thamostati tangu Julai, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Alisema gari zetu za huku hazihitaji kitu hicho, akaniambia nitie maji ya bomba tu, kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, ni kupoteza fedha. Niliporudi kwake Septemba alifungua kofia ya rejeta, akakanyaga mafuta mara tatu, akasikiliza, kisha akafuta mikono.

"Mwalimu, gasketi ya hedi imekwenda. Tufungue injini, hedi tuipeleke mashine ikasawazishwe. Laki sita na nusu, siku kumi."

Gasketi ya hedi ndiyo inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Hakuwa amelala chini ya gari. Hakuwa hata amenyanyua kiti. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, naye akasema jicho litasubiri, basi tutengeneze gari kwanza. Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mwanamke aliyekuwa hasomi tena Biblia yake, anayemtambua mjukuu kwa sauti, aseme jicho litasubiri. Nikaamka usiku nikafungua daftari. Ikiwa gasketi imekwenda, mbona ile njia ya mlima ya kwenda shuleni, asubuhi na jioni, haikunywa hata kikombe?

Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja kule Ipogolo, chini ya mji, pale malori ya barabara kuu ya Zambia yanaposimama. Mzee huyo kazi yake ilikuwa kuziba rejeta za malori. Nilishuka Jumanne baada ya vipindi.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Inachemsha, mzee."

"Inachemsha au inapoteza maji? Hayo ni maradhi mawili."

Nikasita. Kwa kweli mshale wa joto haukuwahi kupanda kama maji yapo. Nikamwambia inapoteza. Akaniomba nisimulie tangu mwanzo, na nilipotoa daftari alivaa miwani akalisoma lote, akifuata mistari kwa ncha ya bisibisi. Aliponirudishia alisema niiache ipoe hadi kesho asubuhi, kwa sababu injini ya moto haisemi kweli.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikakaa naye hadi adhuhuri. Alianza na kile kilichokuwa kinanitisha. Alichomoa kijiti cha oili, akapaka oili kwenye kiganja na kukielekeza juani. Nyeusi, safi, haina weupe wa maziwa, yaani maji hayajaingia kwenye oili. Kisha, injini ikiwa baridi bado, akafungua kofia ya rejeta, akaniambia niwashe na nije nitazame. Tuliinamia ule mdomo wa rejeta kama watu wanaotazama uji jikoni. Maji yalitulia. Hapakuwa na povu wala mapovu madogo madogo ya mfululizo. Akafunga kofia, akashika mpira wa juu wa rejeta akaubinya, akaniwekea mkono wangu juu yake. Ulikuwa laini.

"Gasketi ikiwa imepasuka, moshi wa moto wa silinda unaingia kwenye maji. Mpira huu ungekuwa mgumu kama tairi kabla injini haijapata moto. Hedi yako nzima. Aliyekuambia uifungue alikuwa anakisia kwa fedha yako."

Sikujua niseme nini. Nilikwenda kando nikampigia mama simu.

Kisha mzee alileta kifaa chake, na kifaa hicho nakikumbuka kuliko vyote. Kilikuwa kofia kuukuu ya rejeta iliyotobolewa katikati. Kwenye tundu alikuwa amechomelea vali ya tyubu ya baiskeli, na pembeni geji ndogo ya mviringo ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Akakifunga mahali pa kofia yangu, akaunganisha pampu ya baiskeli, akaanza kupampu taratibu, jicho kwenye geji. Kofia ya gari langu ilikuwa imeandikwa 0.9, kipimo cha msukumo inaoweza kuuzuia. Mshale ulipofika hapo akaacha, akachomoa pampu. Akaniambia nitazame saa yangu.

Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa kwenye 0.6.

"Yanatoka," akasema. "Sasa tuyafuate."

Tulinyanyua viti vyote viwili. Kwenye injini hii wota pampu, ile inayosukuma maji, inazungushwa na mkanda wa taiming na imejificha nyuma ya kava, kwa hiyo ikichoka huioni. Unachoona ni maji yaliyochuruzika chini ya kava, au ukoko wake yakishakauka. Mzee alipitisha kidole chini ya kava lile na kidole kikatoka na vumbi kavu. Mipira ya hita ya mbele, kavu. Zulia chini ya miguu ya abiria, kavu, halina ile harufu tamutamu ya kulanti, ingawa kulanti yenyewe ilikuwa imeshaisha kwa miezi miwili ya maji ya bomba. Hilo lilimuudhi. Alisema kulanti nyekundu ingetuachia alama ya rangi mahali inapopita, lakini maji ya bomba yanapita kama mwizi aliyevua viatu.

Akatandika boksi akaingia chini na tochi. Alikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa naona soli za ndala zake tu.

"Mwalimu, umevuka mto lini?"

"Sijavuka mto, mzee."

"Mvua je?"

"Mvua tangu Mei haijanyesha."

"Basi ingia huku uone tope."

Niliingia na shati langu la kazini. Sakafu yote ya gari kwa chini ilikuwa na vumbi jekundu la kiangazi, vumbi laini kama unga. Ila nyuma, upande ilipopita ekzosi, palikuwa na mchirizi wa tope la kahawia uliotanuka kuelekea nyuma kama mkia wa kuku. Nilibonyeza kwa ukucha. Ndani yake palikuwa na unyevu. Juu ya mchirizi huo yalipita mabomba mawili ya chuma, unene wa kidole gumba, na sikuwahi katika maisha yangu kujua yanafanya nini.

Ni mabomba ya hita ya nyuma. Gari hizi Wajapani walizitengenezea baridi yao, kwa hiyo maji ya moto ya injini yanapitishwa chini ya sakafu hadi kwa abiria wa nyuma, yakitoa joto, kisha yanarudi. Iringa tuna baridi, Juni na Julai tunavaa makoti, lakini hakuna aliyewahi kuwasha hita ile tangu gari lifike. Maji yalikuwa yanazunguka humo tu, miaka yote, na chuma kinaliwa kwa nje. Mzee alisema gari nyingi zinatoka sehemu za theluji ambako barabara zinamwagwa chumvi, na chumvi ile inakuja nayo chini ya sakafu hadi Afrika.

Akapangusa tope kwa tambara, akaniambia nitoke nikapampu tena. Nikapampu hadi 0.9 nikarudi chini. Mwanzoni hapakuonekana kitu. Kisha akasogeza tochi iwe ubavuni, na kwenye mwanga nikauona: uzi wa maji, mwembamba kuliko unywele, unaruka kutoka kwenye gamba la kutu na kuigonga ekzosi. Basi ndiyo maana boksi lilibaki kavu. Ekzosi ikiwa ya moto, maji yale yanageuka mvuke yakiigusa tu. Mjini injini inazunguka polepole na safari inaisha kabla msukumo haujawa mkubwa, kwa hiyo gamba linaziba. Njia ya Mafinga, mwendo wa saa nzima kwa mzunguko wa juu, gamba linanyanyuka.

Nililala pale chini nikiutazama ule uzi zaidi ya ilivyohitajika. Laki sita na nusu, siku kumi, na jicho la mama.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Alikata mipira ya hita ya nyuma kule mbele inakoanzia, akaunganisha miwili hiyo kwa kipande cha bomba la shaba alichokipinda kama U, na klipu mpya nne. Mabomba ya chini aliyaacha makavu. Akanituma nikanunue thamostati, ile inayofunguka nyuzi 82, na kofia mpya ya 0.9. Nilimuuliza kama thamostati ni ya lazima. Alisema injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kujisaga yenyewe. Kofia aliisisitiza zaidi. Iringa iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huku yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Kofia nzima ndiyo inayoyazuia yasichemke hadi yapite 110. Kofia yangu ya zamani mpira wake ulikuwa umekauka ukapasuka.

Kutoa hewa iliyonaswa kwenye njia za maji ndiko kulikochukua muda. Alilipandisha gari mlimani pua ikiwa juu, hita ya mbele kwenye moto wa mwisho, kofia wazi, injini ikiunguruma polepole, na kila kiputo kilichotoka alijazia kulanti kidogo. Hakuondoka hadi mpira wa chini wa rejeta ulipopata moto, maana yake thamostati imefunguka na maji yanazunguka. Alinitoza shilingi 45,000 za kazi. Nilimwongeza, akakataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Jumamosi nilikwenda Mafinga na kurudi. Nikaandika kwenye daftari: sifuri.

Safari ya Dar ilikwenda vizuri, na mama alitolewa mtoto wa jicho siku ileile iliyopangwa. Kilichobaki moyoni mwangu ni kurudi, kwa sababu kwenda unaushuka mlima wa Kitonga, kurudi unaupanda. Tulifika Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, joto la bonde likiwa kali, vitunguu vimepangwa barabarani kwa magunia. Nilikuwa na dumu la maji la lita tano miguuni mwa mama. Tulipanda nyuma ya lori la saruji, gia ya pili, kona baada ya kona, nami naangalia mshale kuliko barabara mpaka mama akaniambia nitazame mbele. Mshale ulikaa katikati kama umepigiliwa.

Tulisimama Ilula kwenye nyanya. Mama alishuka mwenyewe, miwani meusi usoni, akachagua ndoo nzima moja moja, akizigeuza juani. Kisha akaniomba lile dumu. Akamimina maji yote kwenye beseni la muuzaji, akaosha nyanya mbili, moja akanipa.