Mshale Uleule, Mahali Pengine

Kwa miaka kadhaa nilifundisha ujumlishaji wa vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo vinavyochorwa kama mishale, kwa chaki, rula ya mbao na protrakta kubwa iliyovunjika pembe, na kila nilipofika kwenye kanuni ya pembetatu nililazimika kuufuta mshale wa pili na kuuchora upya, mkia wake ukianzia kwenye ncha ya mshale wa kwanza. Kwangu ulikuwa mshale uleule. Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu ulikuwa mshale mwingine kabisa, na sikulitambua hilo mpaka mmoja wao aliponiuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, ule wa mwanzo umekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye simulesheni (maigizo ya kompyuta) za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hazilipiwi, na zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti, jambo ambalo kwa mwalimu mwenye kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima si dogo.

Katika ile ya vekta kuna gridi, na pembeni yake mishale ambayo mwanafunzi huiburuta na kuiweka apendapo. Akiushika mshale kwenye kiwiliwili, unahama mzima bila kubadilika urefu wala mwelekeo. Akiushika kwenye ncha, ndipo ukubwa na pembe vinapobadilika. Kuna pia kisanduku ambacho kikibofywa huonyesha mshale wa jumla, na mshale huo haubadiliki urefu wala mwelekeo hata kama ile miwili imetupwa kila mmoja kona yake. Jambo ambalo chaki yangu ilishindwa kulionyesha linaonekana hapo kwa sekunde chache: vekta ni ukubwa na mwelekeo, na mahali ilipochorwa si sehemu yake.

Mara ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilifungua somo kisanduku cha jumla kikiwa tayari kimebofywa, darasa likafurahia mshale unaocheza kama mkia wa tiara, na baada ya dakika 20 hapakuwa na aliyeweza kunieleza kwa nini ulielekea kule ulikoelekea. Siku hizi naificha jumla, nawataka kwanza wachore makisio yao kwenye karatasi ya grafu, na kisanduku hakibofywi mpaka kila dawati liwe na jibu lake, liwe sahihi au la.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la mishale miwili, mmoja wa vipimo 4 na mwingine wa vipimo 3. Karibu wote husema jumla ni 7. Nauacha ule wa 4 ulale mlalo na kumwita mwanafunzi auzungushe ule wa 3: pembe kati yao ikiwa nyuzi 0, jumla ni 7 kweli, kwenye nyuzi 60 inashuka hadi 6.1, kwenye 90 ni 5, kwenye 120 ni 3.6, na kwenye 180 inabaki 1. Kabla ya hapo walidhani 5 ni hila ya Pythagoras. Sasa wanaiona kuwa kituo kimoja tu katika safari ya kutoka 7 hadi 1. Baada ya hapo ndipo ninapowaletea pantoni ya Magogoni, Dar es Salaam, ikielekea Kigamboni kwa kilomita 4 kwa saa huku maji yakiisukuma ubavuni kwa kilomita 3 (namba nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi), na hakuna tena anayeniambia kwamba inakwenda kwa 7.

Hata hivyo, kompyuta haimfundishi mtoto kuchagua skeli, kuishika rula isiteleze, wala kusoma protrakta kuanzia upande ulio sahihi, na kwenye mtihani atapewa karatasi na penseli. Kwa hiyo kipindi kinachofuata projekta hukaa kabatini, tukachora ile mishale ya 4 na 3 kwa nyuzi 60, sentimita 2 kwa kila kipimo, na kuupima mshale wa jumla. Juma lililopita wengi walipata kati ya sentimita 12 na 12.4. Aliyepata 7.2 alikuwa ameanza mishale yote miwili mahali pamoja kisha akaunganisha ncha kwa ncha. Sikumsahihisha, nilimwazima kompyuta akauhamishe mshale wa pili mwenyewe.