Bakapu ya DVD ikichelewa, tazama bafa kwanza

Kazi yangu hapa Mjini Unguja ni kutunza kompyuta za maofisi na za studio za harusi. Lalamiko ni lile lile kuhusu bakapu (nakala za akiba): draivu 16x, DVD 16x (16x ni mwendo wa kuchoma), lakini diski moja inachukua nusu saa.

Sifungui mashine kwanza. Nawasha ImgBurn (programu ya kuchoma, yaani kuandika data kwenye DVD), naanza kuchoma, kisha naangalia mistari miwili ya bafa (akiba ya muda inayoshika data kabla ya kuchomwa). Ikiwa inapanda na kushuka, data haifiki kwa wakati. Kosa liko kwenye hadi diski (hard disk, diski kuu ya kompyuta), waya au mafaili. Ikiwa imejaa tangu mwanzo na mwendo bado mdogo, kosa ni la draivu au la DVD yenyewe.

Kuna mwendo mdogo usio na hitilafu yoyote. 1x ya DVD ni kilobaiti 1,385 kwa sekunde, hivyo 16x ni kama megabaiti 22. Ila draivu nyingi za 16x huanzia katikati ya diski kwa 6x hivi na huifikia 16x kwenye ukingo wa nje tu. Bakapu ya GB 1 haifiki huko abadan.

Bafa inayoshuka kwenye mashine kuukuu za Windows XP, mimi hushuku PIO (njia ya polepole ambayo prosesa husafirisha data yenyewe) kabla ya chochote. Makosa ya usafirishaji yakijirudia, XP huiteremsha chaneli ya IDE (njia inayounganisha draivu na kompyuta) kutoka DMA (njia ya haraka isiyoichosha prosesa) hadi PIO na haiipandishi tena. Utaiona: kipanya kinakwamakwama na prosesa inafanya kazi kupita kiasi. Ingia Device Manager, IDE ATA/ATAPI controllers, fungua Secondary IDE Channel (draivu mara nyingi huwa hapo), kisha Advanced Settings. Ukikuta PIO Mode, iondoe chaneli hiyo kwa Uninstall, zima kompyuta na uiwashe. Windows itaiweka upya. Ikirudi PIO tena baada ya muda, badilisha waya: weka wa nyuzi 80, si wa 40, na zisafishe pini, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

Draivu ya nje nayo ina mambo yake. Kwenye tundu la USB 1.1 hupati zaidi ya megabaiti moja hivi kwa sekunde, yaani DVD iliyojaa itapita saa nzima. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na draivu nyembamba huweza kutaka zaidi inapochoma. Tumia waya wake wa vichwa viwili, usipitishe kwenye habu (kigawanya matundu ya USB) isiyo na umeme wake.

Mafaili madogo maelfu, kama skani za madaftari ya skuli, huichosha hadi diski kwa kuruka huku na huku, na antivairasi hulikagua kila moja. Tengeneza kwanza faili moja la ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja), ndipo ulichome. Liweke kwenye patisheni (sehemu ya hadi diski) yenye mpangilio wa NTFS. Mpangilio wa zamani, FAT32, haupokei faili linalofika GB 4. Na Windows 7 ikikuuliza namna ya kuitumia diski, usichague Like a USB flash drive, chagua With a CD/DVD player.

Bafa ikiwa imejaa, badilisha aina ya DVD. Draivu husoma namba ya mtengenezaji iliyomo ndani ya diski. Isipoijua, hupunguza mwendo kwa usalama. Kusasisha fimwea (programu iliyomo ndani ya draivu) husaidia mara nyengine. DVD za RW (zinazofutika na kuchomwa tena) nyingi ni 4x, basi robo saa ni haki yake.

Kwa bakapu mimi huweka 8x kwa mkono: dakika mbili tatu zaidi, na makosa hupungua. Verify (kuikagua diski baada ya kuchoma) huongeza muda karibu maradufu, lakini siizimi. Na kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba), kwani DVD-R (ya kuchomwa mara moja tu) ikikatikiwa na umeme katikati ni ya kutupa.