Lisbon hadi Madrid: kilomita 500, na saa moja inayopotea njiani

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Lisbon hadi Madrid ni kilomita kama 500. Kwa barabara zinapita 600, na basi hutumia takriban saa nane. Treni ya moja kwa moja haipo. Ile ya usiku, Lusitânia, ilisimamishwa Machi 2020 wakati wa korona na haijarudi. Mimi ni mpenzi wa treni, na kuona miji mikuu ya nchi mbili jirani haina hata treni moja ya kuiunganisha kunanisikitisha sana. Basi nikakata tiketi ya ndege.

Uwanja wa Lisbon uko mjini kabisa, metro inakufikisha mlangoni. Ilikuwa Januari, asubuhi yenye jua, nami nilikaa dirishani upande wa kulia. Tulipopaa kuelekea kaskazini, mto Tagus ulitanda chini yetu, mpana hadi ukadhani ni bahari. Mdomoni mwa mto huo ndiko Vasco da Gama aling'oa nanga Julai 1497, na Aprili 1498 akawa Mombasa, kisha Malindi. Miezi tisa baharini! Mtu wa pwani yetu hauangalii mto ule hivi hivi tu. Niliutazama mpaka bawa likauficha.

Baada ya hapo ni Alentejo, eneo la Ureno, halafu Extremadura upande wa Uhispania: malisho ya kijani ya majira ya baridi, na mialoni imetawanyika juu yake. Mpaka hauonekani. Ndege ikishika kasi yake ya kilomita 800 kwa saa, umbali huu ungeisha kwa dakika 40 hivi, lakini muda mwingi huliwa na kujivuta hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana ratiba huandika saa 1 na dakika 20. Wahudumu hawajamaliza kukusanya vikombe, rubani anatangaza tunashuka.

Kwenye tiketi, hata hivyo, utaona tunaondoka saa 4:00 asubuhi na kufika saa 6:20 mchana. Madrid iko mbele saa moja. Ukirudi, unaondoka saa 9:00 alasiri na kutua Lisbon saa 9:20, kana kwamba umeruka dakika 20 tu. Anayeunganisha safari asome vizuri hapo, kwa sababu kila mji umeandikiwa saa zake.

Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, nilitoka bila kupita dirisha la uhamiaji, kwani nchi zote mbili zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Kwa mwenye pasipoti ya Kiafrika aliyezoea maswali, wepesi huo ni raha kubwa.

Kilichonishangaza zaidi ni jua. Kati ya miji hii jua hupishana kwa dakika kama 22 tu. Saa nzima ni uamuzi wa serikali ya Franco, dikteta wa Uhispania, iliyosogeza saa za Uhispania mbele mwaka 1940 zilingane na za Ulaya ya kati, ingawa Madrid iko magharibi ya London. Kesho yake saa mbili asubuhi nilitoka hotelini kukiwa bado giza, mikahawa imejaa wanaokwenda kazini. Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza, pale tumechelewa tayari. Na Wahispania wanapoketi kula chakula cha mchana saa nane, jua ndiyo kwanza limetoka utosini.