Kabla ya Kubadilisha Taa, Pima Meza

Mwezi uliopita niliitwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne lililoko Upanga, Dar es Salaam. Mwenye jengo ni mzee ambaye alikuwa ameshakata shauri kabla sijafika: tyubu zote za zamani zing'olewe, zifungwe taa za LED, na bei nimtajie palepale mlangoni. Nilimwomba anipe jioni mbili na ngazi ya kupandia kabla sijataja bei yoyote. Hakufurahi, na sikumlaumu, kwa sababu fundi anayeomba kupima wakati ameitwa kufunga huonekana kama mtu anayetafuta pa kuongezea ada. Hata hivyo, katika miaka yote ambayo nimekagua mwanga wa maofisi, maduka na maghala, karibu makosa yangu yote yametokana na kuanza na taa iliyo darini, badala ya kuanza na meza ambayo mtu anafanyia kazi.

Kubwa kuliko yote nililifanya katika ofisi nyingine, ambako nilibadilisha kila kitu kwa paneli za sentimita 60 kwa 60, zenye ule mwanga mweupe wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda mwanga unazidi weupe wa baridi) unaopendwa sana madukani kwetu. Vipimo vilipendeza, kwani kila meza ilipata zaidi ya laksi 500. Wiki haikuisha, mhasibu wao, mama aliyekuwa anakaribia kustaafu, akanipigia simu: "Mwanangu, umetuwekea chumba cha upasuaji, na kompyuta yangu imekuwa kioo cha kujitazamia." Nilirudi, nikamwamkia, nikaomba niketi kwenye kiti chake. Paneli iliyokuwa nyuma yangu ilionekana nzima kwenye skrini, mraba mweupe uliokalia safu ya tarakimu aliyokuwa akiijumlisha. Siku ya kupima nilikuwa nimesimama muda wote, kwa hiyo sikuweza kuliona jambo hilo. Tuligeuza meza, tukahamisha paneli mbili, na tangu hapo sikagui ofisi bila kuketi kwenye viti vya wenyewe.

Laksi, kwa asiyeizoea, ni kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu: lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa yenyewe, ikiwa moja na kutandazwa juu ya mita moja ya mraba ni laksi moja. Viwango vya kimataifa vya mwanga wa sehemu za kazi vinapendekeza laksi 500 kwa kazi ya kusoma, kuandika na kompyuta, 200 kwa chumba cha kutunzia majalada, na 100 tu kwa korido. Jicho lenyewe haliwezi kuyakadiria haya. Jua la mchana linatoa laksi 100,000 na mbalamwezi haifikishi hata moja, na bado macho yaleyale yanatuongoza katika hali zote mbili, maana hujirekebisha bila kutuarifu. Ndiyo maana mtu aliyefanya kazi miaka sita katika kona ya laksi 110 atakuapia kuwa mwanga unamtosha, kisha akulalamikie kichwa kinachomuuma kila alasiri bila kuyahusisha mambo hayo mawili.

Kupima nako kuna adabu yake. Napima usiku, jua likishazama, ili nijue taa pekee zinatoa nini, kisha narudi mchana kuona jua linaongeza nini. Tyubu za floresenti, yaani zile za zamani, naziacha ziwake kama dakika 20 kwanza, kwa sababu hazifikii nguvu yake mara tu zinapowashwa. Kipima mwanga nakiweka juu ya meza, au kwenye kigoda cha kimo cha meza, kama sentimita 75 kutoka sakafuni. Sakafu naigawa kwa miraba, nikisoma kila penye makutano, kwa maana wastani peke yake hudanganya: chumba chenye wastani mzuri kinaweza kuwa na kona gizani. Kwa eneo la kazi, kipimo cha chini kabisa kinatakiwa kisipungue asilimia 60 ya wastani. Tena navaa shati la rangi nyeusi. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nilipima chumba kizima nikiwa na kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa, na mwalimu wangu akanirudisha kuanza upya, kwa kuwa nilikuwa taa ya ziada inayotembea.

Ghorofa ya pili ya jengo la Upanga ilikuwa na fitingi 48, kila moja ikiwa na tyubu mbili za futi nne. Katikati ya ukumbi nilisoma laksi 290, kwenye kona mbili 110, na koridoni, mahali ambapo watu wanapita tu wakienda kuchota chai, nikasoma 340. Aliyefunga taa zile alikuwa amepanga fitingi za aina moja kwa nafasi sawa jengo zima, bila kuuliza nani atakaa wapi. Baadaye wapangaji wakaleta vizuizi vya mbao vya kugawia ofisi, vikakata mwanga wa kona. Nikapanda ngazi na kitambaa chenye maji kidogo, nikafuta fitingi moja tu pamoja na tyubu zake. Kitambaa kilitoka cheusi kama cha gereji, na meza iliyokuwa chini yake ikapanda kutoka laksi 210 hadi 265. Mlinzi aliyekuwa amenishikia ngazi akacheka, akasema mzee angetoa soda tu mambo yakaisha.

Halafu kuna ukuta. Upande mzima wa ukumbi ule umepakwa rangi ya maruni, nzito, ya kung'aa. Dari nyeupe iliyo safi hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga unaoifikia, ilhali maruni kama ile huenda isirudishe hata asilimia 15, kwa hiyo taa zote zilizo karibu na ukuta huo zinamwaga nusu ya kazi yake shimoni. Nilimwandikia mzee kwamba ndoo chache za rangi ya maziwa zingefanya kazi ya fitingi kadhaa, tena bila kula umeme.

Mchana nilirudi saa 4 asubuhi. Meza zilizo kando ya dirisha zingeweza kupata laksi 1,900 za bure, lakini mapazia yalikuwa yamefungwa na taa zote zinawaka. Niliwauliza wenyewe. Dirisha linatazama mashariki, jua la asubuhi linawapiga usoni, wanafunga pazia saa 2 wanapoingia, na hakuna anayekumbuka kulifungua jua likishapanda. Hata wangekumbuka, taa za dirishani zisingezimika peke yake, kwa sababu nyaya zimevutwa kutoka mlangoni kuelekea dirishani, na kila swichi inawasha safu inayoanza gizani na kuishia kwenye mwanga. Kwangu mimi hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika maofisi yetu, na halionekani kwenye orodha yoyote ya taa zinazouzwa. Safu za taa zinatakiwa zifuate dirisha, ili safu ya kwanza iweze kuzimwa mchana kutwa.

Katika latitudo yetu jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini yanaweza kukingwa kwa kibaraza cha kawaida tu, ila ya mashariki na magharibi yanapigwa na jua la chini ambalo kibaraza hakilizuii. Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua hili. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na kuwa jengo la kwanza visiwani humo kupata taa za umeme, ilizungushiwa baraza pana pande zake, ndani kukiwa na kivuli na nje kukiwa na mwanga mwingi. Siku hizi tunajenga kwa vioo pande zote nne, kisha tunanunua mapazia.

Sasa tufike kwenye umeme, ambao ndio ulionifanya niitwe. Tyubu ya wati 36 yenye choki ya zamani, kile kifaa cha ndani ya fitingi kinachodhibiti umeme wa tyubu, hula karibu wati 45, kwa kuwa choki nayo ina ulaji wake. Ghorofa moja, fitingi 48 za tyubu mbilimbili, ni wati 4,320. Zikiwaka saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 1,123 hivi. Tyubu za LED za wati 18 zingeshusha hesabu hadi uniti 449. Tofauti ya wati katika ghorofa hiyo moja, karibu 2,600, inalingana na joto ambalo kiyoyozi cha BTU 9,000 hulitoa kikifanya kazi kwa nguvu yake yote, kwa maana kila wati ya taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, na kiyoyozi kinalipwa ili kulitoa nje.

Ila hesabu hiyo ni ya wati, na meza haioni wati. Nilifunga aina mbili za tyubu za LED kwa majaribio, zote zimeandikwa wati 18, zote zimeandikwa kwenye boksi kuwa ni sawa na tyubu ya wati 36. Moja ilikuwa ya lumeni 1,800, nyingine 2,400. Ya kwanza ilinipa laksi 280 mezani, yaani zaidi kidogo tu kuliko tyubu kuukuu iliyofutwa vumbi, ya pili 390. Yule anayelinganisha LED mpya na tyubu chafu ya miaka minane ataona maendeleo makubwa kwa lolote atakalofunga. Niliielekezea ile ya kwanza kamera ya simu, nikaona michirizi ikitembea kwenye skrini, dalili kwamba draiva yake, kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme, ni duni na mwanga unapepesa hata kama jicho halilioni. Tukaiacha.

Jambo moja la usalama nalisisitiza kila mara. Tyubu nyingi za LED zinafungwa kwa kutoa choki na stata (kile kidude cha kuiwashia tyubu) na kuleta umeme moja kwa moja. Baadhi zinapokea umeme upande mmoja, nyingine pande zote mbili, na fitingi kwa nje inabaki na sura yake ileile. Fundi wa kesho, akiona fitingi ya kawaida, anaweza kuchomeka tyubu ya aina nyingine na kusababisha shoti. Kwa hiyo kila fitingi tuliyoigusa tuliibandikia karatasi inayosema nyaya zimebadilishwaje. Tyubu zilizotolewa hatukuzivunja, kwa sababu zina zebaki. Zilirudishwa kwenye maboksi yake zikingoja mchukuzi wa taka hatarishi. Anayesema ataendelea kununua floresenti ajue pia kwamba nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilipokutana Geneva mwaka 2023, zilikubaliana kuzikomesha ifikapo 2027, na msukumo wa hoja hiyo ulitoka Afrika.

Ngazini sikusoma zaidi ya laksi 30, na hapo sikuangalia kuokoa umeme, niliongeza. Taa sita za dharura nilizijaribu kwa kubonyeza kitufe chake: nne hazikuwaka kabisa, betri zimekufa. Njia ya kutokea inahitaji angalau laksi moja tu umeme unapokatika, kiasi kidogo mno, lakini bila betri hata hiyo haipo.

Rafiki zangu wa Nairobi wanafanya kazi hii wakiwa na sheria mgongoni, maana kanuni zao za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwabana wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka wakaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Mimi mara nyingi nina bili ya umeme tu ya kumwonyesha mteja, na bili haisemi chochote kuhusu kona ya laksi 110.

Hatimaye mzee alikubali mengi. Tulifunga tyubu za lumeni 2,400 zenye kelvini 4000, koridoni tukaacha moja katika kila fitingi, safu ya dirishani ikapata swichi yake, na dada wawili wa kwenye kona wakapewa taa za mezani za wati sita zilizowafikisha laksi 520 bila kuliongezea dari chochote. Usafishaji wa fitingi ukaingizwa kwenye ratiba, mara mbili kwa mwaka. Nilipopita wiki iliyopita, safu ya dirishani ilikuwa imezimwa saa 5 asubuhi, pazia liko nusu. Ukuta wa maruni haukuguswa. Mzee ananiambia rangi ile aliichagua marehemu mkewe, na sikuwa na kipimo cha kumjibia.